Mikono Iliyofungwa Usiku

Senene wakianza kushuka mwezi Novemba, usiku wa huku kwetu Kagera hauwi tena wa kulala. Kuanzia Rugera hadi vijiji vya Kyerwa, pale penye umeme au jenereta, taa kali zinawashwa, mabati yanasimamishwa juu ya mapipa, na vijana waliojifunga makoti wanakesha wakiangalia juu. Alfajiri kijana anarudi nyumbani na gunia lake, anajitupa kitandani chali bila hata kuvua shati lililolowa umande. Ana saa moja tu kabla ya kuitwa shambani.

Ndani ya saa hiyo anaamka. Au anadhani ameamka. Anasikia ufagio wa mama yake uani. Anaona mwanga wa asubuhi ukipenya pale bati lisipokutana vizuri na ukuta. Anataka kugeuka, mwili haugeuki. Anataka kuita, ulimi haunyanyuki. Kifua kimelemewa, na karibu na mlango kuna mtu amesimama, mweusi, hana uso, na kijana anajua kabisa kwamba anatazamwa yeye. Anapambana. Mara kidole kimoja kinacheza, na kila kitu kinatoweka. Anaketi, jasho linamtiririka, na huko nje ufagio bado unaendelea.

"Mama, nimekabwa."

Ufagio unasimama. Na katika nyumba nyingi swali linalofuata ni hili: "Umemwona nani?"

Wiki hii naomba tukae kidogo na swali hilo. Linaulizwa kwa upendo. Mama ana hofu na mwanawe, na nani atamlaumu? Lakini nimelisikia likiulizwa katika nyumba nyingi, na nimeona linakoelekea. Kijana ambaye hakuona uso wowote anaanza kuutafuta. Alikuwa mrefu au mfupi? Hakufanana na yule mama tuliyegombana naye juu ya migomba ya mpakani? Kufika jioni, kivuli kimeshapata jina, tena jina la mtu anayechota maji kwenye kisima kimoja na sisi.

Kabla sijaenda mbali, kama wewe unayesoma ni mmoja wa wanaokabwa na jinamizi, nataka ujue kwamba nakuamini. Huzushi. Hukuota tu. Imani yako haijapungua, na si lazima uwe umefanya dhambi ya siri inayokutafuta usiku. Wanakabwa wanakwaya, wanakabwa wazee wa kanisa, na wainjilisti wa mitaa pia, ingawa wengi wao hawasemi kwa kuogopa watu watasema nini. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Marekani, Brian Sharpless na Jacques Barber, walikusanya tafiti 35 zilizohusu watu zaidi ya 36,000, wakakuta kwamba karibu watu 8 katika kila 100 wamewahi kupatwa na hali hii angalau mara moja. Miongoni mwa wanafunzi walikuwa 28 katika kila 100. Tukikusanyika Jumapili watu 200, basi kwa hesabu hiyo kuna kama 15 wanaoijua hofu yako kwa undani, na huenda mmoja wao ameketi benchi moja na wewe.

Wala si sisi tu. Kule Newfoundland, Kanada, wavuvi wa zamani walisema ni bibi kizee anayekuja kukaa juu ya kifua. Wajapani husema umefungwa minyororo. Ndugu zetu wa Zanzibar walimtaja pepo aitwaye popobawa. Nikiyatazama masimulizi haya yote, kinachonigusa ni jinsi mwili unavyosimulia habari ileile kila mahali, lakini sura ya anayekuja inabadilika kufuatana na yule ambaye jamii hiyo ilishamwogopa tangu zamani. Sisi je, tunamwogopa nani? Kivuli cha kijana wetu hakikuwa na uso. Uso tuliutoa wapi?

Niruhusu nieleze kinachotokea, maana kuna jambo ndani yake ambalo limenifundisha kumshukuru Mungu upya.

Usingizi wetu hauwi wa namna moja usiku kucha. Unakwenda kwa mizunguko ya dakika 90 hivi, na katika kila mzunguko kuna kipindi ambacho macho huchezacheza chini ya kope na ndoto huwa kali. Vipindi hivyo hurefuka kadiri kunavyokaribia kucha. Ndiyo maana ndoto nyingi unazozikumbuka ni za alfajiri. Wakati huo ubongo hutuma amri, kupitia shina lake na uti wa mgongo, ya kulegeza misuli karibu yote ya mwili. Macho yanabaki huru. Kiwambo kilicho chini ya mapafu nacho kinabaki huru, ili uendelee kupumua. Mikono, miguu, shingo na midomo inatulizwa. Ndoto ikiisha, amri nayo inaondolewa, na kwa kawaida hujui hata kwamba ilikuwapo. Lakini mtu aliyechoka sana, au aliyelala saa asizozizoea, akili yake inaweza kuzinduka kabla mwili haujaachiwa. Anakuwa kama mtu aliyeamka mapema katika nyumba iliyofungwa komeo kwa nje: anaiona asubuhi kwenye ufa wa mlango, lakini hatoki mpaka komeo lifunguliwe.

Na ule uzito wa kifuani? Misuli ya kifua imelegea na pumzi inabebwa na kiwambo peke yake. Ukijaribu kuvuta pumzi kubwa kwa nguvu na kifua kisiitike, unahisi umekaliwa. Kisha ubongo, ambao nusu yake bado iko ndotoni, unachora mtu pale penye hofu. Hayo yote hudumu sekunde chache, pengine dakika chache, halafu yanakwisha yenyewe. Hewa haikuishii, hata pale unapohisi kwamba inakuishia.

Sasa fikiri, mpendwa, kwa nini Mungu ameweka amri hiyo ya kutufunga kila usiku. Mama analala na mtoto mchanga ubavuni. Anaota nyati anamkimbiza. Katika ndoto anapiga mateke, anarusha mikono, anajirusha pembeni. Mtoto hapati hata mkwaruzo. Kwa nini? Kwa sababu mikono ya mama imeshikwa. Madaktari wanaujua ugonjwa unaowapata hasa wazee, ambao amri hii haifanyi kazi tena: mzee wa watu, mpole maisha yake yote, anampiga ngumi mkewe usingizini akidhani anapigana na mwizi, au anaanguka kitandani na kuvunjika. Akiamka analia. Sisi wengine tunaepushwa na hilo usiku baada ya usiku, miaka 50, miaka 70, bila kujua na bila kushukuru.

Kwa hiyo kile tunachokiita adui aliyetukaba ni ulinzi uliochelewa kidogo kutuachia. Zaburi ya 121 inamsifu Mungu kama mlinzi anayekesha wakati sisi tumelala, na mimi nilikuwa nikiisoma nikifikiria hatari za nje: wezi, nyoka, magonjwa. Siku hizi nikiisoma nafikiria pia ile hatari iliyo mikononi mwangu mwenyewe, na jinsi ninavyozuiwa nisimdhuru aliyelala karibu nami. Je, umewahi kuomba ulinzi wa namna hiyo?

Usiku, basi, mikono imefungwa. Lakini kunakucha, inafunguliwa, na hofu ya usiku bado iko moyoni. Hapo ndipo ninapohofia.

Mwanzoni mwa mwaka 1995 hofu ya popobawa ilizuka Pemba, ikavuka bahari hadi Unguja. Watu walisimulia mengi, lakini katika masimulizi hayo lilikuwamo hili tunalolizungumzia: kuzinduka usiku, kushindwa kusogea, kulemewa kifuani, kukosa sauti. Familia nzima zilihama vyumbani na kulala nje kuzunguka moto, zikihesabiana. Na unaweza kuelewa. Lakini nadhani kadiri watu walivyokosa usingizi, ndivyo walivyozidi kukabwa, na kadiri walivyozidi kukabwa, ndivyo walivyozidi kumtafuta wa kumkamata. Mwishowe kundi la watu lilimpiga na kumuua mtu mmoja mjini Unguja kwa kudhani kwamba ndiye popobawa. Alikuwa mgonjwa wa akili. Alikuwa na mama aliyemzaa. Wale waliompiga hawakuwa watu wabaya kuliko wewe na mimi. Walikuwa watu waliochoka, wenye hofu ya kweli, ambao mikono yao ilikuwa imefunguliwa na hakuna aliyesimama katikati kuwaambia "subirini".

Tusiseme hayo ni ya pwani. Mkoa wetu wa Kagera ndio ulioona wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini, mwaka 1983, na kabla hatujalijua jina hilo tulikuwa tukiuita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la mashati yaliyokuwa kwenye biashara ya magendo ya mpakani. Maneno yaliyoenea yalikuwa kwamba wanaokonda ni wale waliowadhulumu wafanyabiashara wa ng'ambo, nao wamerogwa walipe. Ilikuwa hofu ya kweli juu ya msiba wa kweli. Lakini muda tulioutumia kumtafuta mrogaji, virusi viliutumia kuingia nyumba nyingine. Na katika Kanda hii ya Ziwa, ni akina bibi wangapi wamepoteza maisha kwa sababu macho yao ni mekundu? Macho yaliyoharibiwa na moshi wa jiko la kuni, miaka 40 wakituivishia chakula.

Nataja UKIMWI kwa sababu nyingine pia. Kwa miaka mingi kidonge ambacho ndugu zetu wengi wanaoishi na virusi walikimeza kabla ya kulala kilikuwa na dawa iitwayo efavirenzi, na moja ya athari zake zinazojulikana ni ndoto kali za kutisha. Kuanzia mwaka 2019 nchi yetu ilianza kuwahamishia watu kwenye dawa nyingine, dolutegraviri. Mtu ambaye hakuelezwa vizuri kliniki angeweza kabisa kuamka akitetemeka na kuanza kumtazama mama mkwe wake kwa jicho jingine, kumbe ni dawa inayomwokoa ndiyo inayomwotesha. Kuna mambo mengi ya usiku ambayo jibu lake liko kwa mhudumu wa afya, na kumuuliza si kupungukiwa imani.

Kuna pia usiku wa wale waliobeba mengi. Wazee wa mpakani wanaoikumbuka Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovuka na watu wakakimbia na godoro kichwani. Waliokuja hapa Karagwe mwaka 1994 kutoka Rwanda na kuishi katika makambi, wakiwa wameona mambo ambayo mtu hasimulii mbele ya watoto. Waliolala nje baada ya tetemeko la Septemba 10, 2016, na ambao hadi leo lori zito likipita barabarani wanashika ukuta. Mtafiti Devon Hinton na wenzake walichunguza wakimbizi wa Kambodia walioko Marekani wakakuta kwamba waliobeba majeraha makubwa ya vita ndio waliokabwa mara nyingi zaidi usingizini. Mwili unakumbuka. Baba akipiga kelele usiku na watoto wakacheka asubuhi, au wakanong'ona kwamba ana lake, tunamwacha peke yake mahali alipowahi kuachwa peke yake.

Bwana Yesu mwenyewe, usiku ule wa Gethsemane, aliomba kitu kidogo sana kutoka kwa rafiki zake: wakae naye, wakeshe. Hakuwaomba maelezo. Nadhani aliyekabwa anahitaji hilohilo. Ukisikia mwenzako akiguna kwa shida usingizini, macho yanahangaika na mwili hausogei, mguse bega taratibu, mwite jina lake. Mara nyingi mguso unatosha kumwamsha kabisa. Mpe maji. Kaa naye mpaka pumzi yake itulie. Na lile swali la nani aliyemwona, tafadhali liache. Muulize badala yake, "Ulilala saa ngapi jana? Nini kinakusumbua siku hizi?" Katika maswali hayo mawili kuna uchungaji mwingi kuliko unavyodhani.

Najua kuna anayeniuliza moyoni: mchungaji, unamaanisha nguvu za giza hazipo? Siandiki hivyo. Naamini katika maombi, na wengi wameniambia kwamba walipokuwa wamelemewa waliliita jina la Yesu moyoni, midomo ikiwa imefungwa, wakaachiliwa. Namshukuru Mungu pamoja nao. Sala haihitaji midomo. Kazi ya yule mwovu naijua zaidi mahali pengine: katika boma ambalo mama mkwe na mkwe hawasalimiani tena, katika mtoto anayekatazwa kula kwa shangazi. Kwa hiyo ushauri wangu ni mfupi. Mtu akitaka kukuombea, piga magoti uombewe. Akianza kukutajia jina la ndugu yako au jirani yako, au kukutaka pesa ili akuonyeshe adui, nyanyuka urudi nyumbani.

Tazama jinsi Mungu mwenyewe anavyomhudumia mtu aliyechoka. Eliya alikimbia hadi jangwani, akajilaza chini ya mti, akaomba afe. Nabii mzima! Katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19, hatusomi kwamba alikemewa. Alilala. Malaika akamgusa, naye akaamka akakuta mkate wa moto na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Akaguswa mara ya pili, akala tena. Maswali makubwa yalikuja baadaye sana, baada ya usingizi mara mbili na chakula mara mbili. Ni wangapi kati yetu tunaomba kwa machozi tuondolewe jinamizi, na papo hapo tunakataa lile pumziko ambalo Mungu anatunyooshea mkononi?

Uaminifu wa kila siku una sehemu yake kitandani pia. Kulala na kuamka saa zilezile, kadiri kazi inavyoruhusu, ni msaada mkubwa kuliko watu wanavyofikiri. Msimu wa senene, vijana wapeane zamu. Aliyekesha leo aachiwe alale kesho, na shamba lisubiri. Wengi hukabwa wakiwa wamelala chali, kwa hiyo jaribu ubavu. Pombe ya rubisi ya jioni inaleta usingizi haraka lakini inauvuruga kuelekea alfajiri, saa zilezile ambazo jinamizi linapenda. Kahawa ya kutafuna, ambayo tunampa mgeni kwa heshima, ibaki kuwa ya mchana kwa mtu mwenye tatizo hili. Simu isiingie ndani ya chandarua. Na yale uliyogombana na mwenzi wako, jitahidini muyapatanishe kabla hamjalala, hata kama ni kwa neno moja tu, "tutaongea kesho, lakini nakupenda." Mtume Paulo alipowasihi Waefeso wasiache jua lizame wakiwa na hasira, sidhani kama aliwaza habari za ubongo; lakini alijua kinachotokea kwa mtu anayelala na uchungu.

Ikikukuta tena usiku huu, kumbuka kwamba inapita. Usipigane kwa mwili mzima. Kupigana kunaongeza hofu, na hofu inaongeza uzito. Acha kiwambo kipumue kama kinavyojua. Mwaka 2016 mtafiti aitwaye Baland Jalal alipendekeza njia ambayo mimi naiona iko karibu sana na sala: jikumbushe kwamba hali hii ni ya kawaida na haidhuru, usiruhusu hofu ikuongoze, ulegeze mwili badala ya kuukaza, na akili uielekeze kwa upole kwenye jambo unalolipenda. Linaweza kuwa uso wa mwanao au wimbo wa kanisani. Liwe jambo ulilolichagua mchana, kwa sababu usiku ule hutakuwa na nafasi ya kuchagua. Wengine wanasaidika kwa kuchezesha kidole kimoja cha mguu, au ulimi, taratibu. Na ile sura iliyoko mlangoni, usiitazame ili kuitambua. Hakuna cha kutambua pale.

Ikiwa inakurudia mara kwa mara, ikiwa mchana unasinzia hata ukiwa unaongea na watu, ikiwa magoti yanalegea ghafla unapocheka, ikiwa unakoroma sana na kukatika pumzi, au unaamka umejiuma ulimi na kujikojolea, nenda zahanati, na wakikupa rufaa nenda hospitali ya Nyakahanga au nyingine iliyo karibu nawe. Baadhi ya dalili hizo ni za kifafa au za magonjwa ya usingizi, nayo yana matibabu. Nitakuombea uende, na nitakuombea ukiwa njiani.

Limebaki jambo moja, na ndilo lililonifanya niandike. Pengine unasoma haya na kuna mtu ambaye kivuli cha usiku kilipewa jina lake. Pengine ni miaka 3 sasa, au 10. Hukumpiga, hukumchomea nyumba. Uliacha tu kupitia kwake. Unatamani kurudi lakini hujui pa kuanzia.

Kama shaka yako ulibaki nayo moyoni na hakuna mtu uliyemwambia, nakusihi usiende kumwungamia kwamba ulimdhani mchawi. Wewe utapata nafuu, yeye atapata kidonda ambacho hakuwa nacho. Ataanza kujiuliza nani mwingine anafikiri hivyo. Ungama kwa Mungu, na kama unahitaji binadamu wa kukusikiliza, njoo kwangu au kwa mwinjilisti wako. Kisha rudi kwake kwa njia za kawaida. Nenda kaazime jembe. Mpelekee mkungu wa ndizi bila sababu yoyote. Akikukaribisha chakula, nawa mikono ule mbele yake, ule ushibe, maana yeye aliona siku uliyoacha kula kwake hata kama hakusema. Akiwa na msiba, uwe wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Moyo wako huenda ukachelewa kuifuata miguu yako. Usikate tamaa, endelea kwenda.

Lakini kama ulishalitaja jina lake kwa watu, kazi ni kubwa zaidi, na sitaki kukuficha. Ukimya wako hautoshi tena, kwa sababu neno lako linaendelea kutembea hata wewe ukiwa umeshaliacha, na siku moja mtoto wa mtu aliyekusikia atakua nalo. Itabidi urudi kwa walewale uliowaambia, mmoja mmoja, na kuwaambia waziwazi: "Yale niliyosema juu ya mama yule, si kweli. Nilikuwa nimechoka na nimeogopa. Msiyarudie." Ni vigumu. Watakaokucheka wapo. Ukihitaji mtu wa kufuatana naye, nitafuatana nawe, hata kama ni milima miwili. Anza na yule uliyemwambia wa kwanza, na kama anakaa mbali, mpigie simu leo kabla ya giza kuingia.